Yai Kwenye Kope

Mbwawa, Kibaha
2 Februari 2025

Mjomba Mudathir, shikamoo.

Firdausi ameniambia kwamba sikio lako la kulia nalo limelifuata lile la kushoto, na kwamba nikikutumia meseji unamrudishia simu, unamwambia maneno yaliyokatwa mikia huyasomi. Haya, binti yako kanishinda, nimenunua daftari. Barua hii anayo Biubwa, yule anayeleta mihogo kutoka huko kwenu hadi gulio la Mlandizi kila wiki. Amesema barua ataibeba bure, ila usimcheleweshe kwa maswali.

Mimi mzima, ila kichwa kimejaa. Hapa kiwandani kumebandikwa tangazo. Wenye kampuni, wale wa nje tunaowaona kwenye kalenda tu, wanataka msimamizi wa chumba cha mashine za kutotolesha vifaranga. Mmoja. Sisi wengine mikataba yetu inaisha Juni, baada ya hapo tutakuwa vibarua wa wakala, leo umo kesho humo. Nina miaka tisa hapa, mjomba. Nafasi hii nikiikosa sina pa kushika, maana mikono yangu inajua mayai na haijui kitu kingine.

Fomu ya kuomba ina maswali mawili yaliyonitoa jasho. La kwanza: "Taja mambo matatu uliyofanya wewe mwenyewe yaliyoinufaisha kampuni." La pili: "Mtaje mfanyakazi mmoja atakayekueleza mbele ya kamati." Nimekaa na kalamu siku nne. Nikianza "mimi nilifanya" naona haya, kama nimekutwa najitazama kwenye kioo cha gari la watu. Nisipoandika, nani atanijua?

Yupo mwenzetu, Herieth, ana miaka mitatu hapa. Simchukii, ni binti mwenye roho nzuri. Lakini vifaranga vikitoka tu anapiga picha, anaituma kwenye kundi la kiwanda: "Leo nimetotolesha elfu tatu, Mungu ni mwema." Elfu tatu hizo tumezihangaikia watu sita. Tunamcheka pembeni, lakini meneja, Bwana Vicent, anamjibu kwa dole gumba kila siku. Mimi hajawahi kunijibu, maana sijawahi kutuma.

Wewe umeandika mahakamani miaka yote hiyo, na nusu ya Kisarawe umeiandikia barua. Niambie mtu anajisemaje asionekane ana majivuno.

Mpwa wako,
Mwanahalima Mwishehe


Kisarawe
6 Februari 2025

Kwa mwanangu Mwanahalima,

Marahaba. Salamu zako nimezipokea kwa macho, kwa kuwa masikio yamekwenda likizo bila kuomba ruhusa. Mwandiko wako umeharibika. Herufi zinalala kama walevi. Nilikufundisha mwenyewe, kwa hiyo aibu ni yangu.

Sasa sikiliza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ungekuwa karibu ningekuambia uliandike neno hilo mara mia kama zamani. Umewahi kuona bibi harusi akienda mwenyewe kwa wakwe kusema "mimi mzuri, mimi najua kupika"? Anatumwa mshenga. Anayejisifu amekwisha kuwaambia watu kwamba hana wa kumsifu.

Nilikaa mahakamani miaka thelathini na moja. Mara mbili waliniletea cheo cha karani mkuu, na mara mbili niliwaambia mpeni mwenye haja nacho. Sikuwahi kunyanyua mdomo kujisema, na hakuna aliyekuwa hanijui.

Katika fomu usiweke "mimi" hata moja. Nimekuandalia maneno, yanakili kama yalivyo: "Hakuna jambo nililofanya peke yangu. Yote yamefanyika kwa ushirikiano wa wenzangu na uongozi bora. Kazi yangu, kama ipo, itaonekana." Hayo yanatosha. Mtu mwenye akili akiyasoma atajua ameandikiwa na mtu mwenye adabu.

Wa kukusemea asiwe ndugu, maana ndugu hasadikiwi, wala asiwe shoga yako, maana shoga hupamba. Tafuta mtani wako. Mtani anaweza kusema ukweli mbele ya mfalme na mfalme akacheka. Hapo kiwandani hamna Mnyamwezi?

Mwambie Biubwa mihogo yake ya wiki iliyopita ilikuwa na mizizi kama kamba za meli.

Mjomba wako,
Mudathir


Mbwawa
13 Februari 2025

Mjomba, shikamoo.

Biubwa anasema kama ni kamba za meli, ukawafungie nazo meli hao mahakimu wako.

Maneno yako nimeyanakili na kusaini. Ni mazuri, yamenipa utulivu. Na Mnyamwezi yupo, anaitwa Sospeter, fundi wa jenereta, mtu wa Urambo. Huyu asubuhi hanisalimii kabla hajanitukana. Nilipomwambia aje kunisemea akaniambia Mzaramo akipata cheo siku hiyo kazi inafungwa, inachezwa ngoma. Lakini amekubali, na nimeona amefurahi.

Kuna jambo moja limenikaa kooni. Mashine namba tatu kioo chake kinadanganya. Kikiandika joto thelathini na saba na nusu, ndani ni thelathini na tisa. Ililetwa miaka sita iliyopita na ikawa inaua zaidi ya nusu ya mayai, hadi wakataka kuiuza chuma chakavu. Mimi nikafanya alivyokuwa akifanya marehemu bibi na kuku wake wa kuatamia. Nilitoa yai, nikalilaza kwenye kope la jicho nililolifumba. Kope halidanganyiki, mjomba. Yai lilikuwa linachoma. Tangu siku ile kila zamu naishusha mashine nyuzi moja na nusu, kisha napima kwa kope, na leo inatotolesha kuliko namba moja.

Meneja wa zamani ndiye aliyeinunua, tena kwa mbwembwe, na ndiye aliyeniajiri. Ningesema kwa watu kioo ni kibovu, ningemvua nguo. Nikamwambia tu "tuishushe kidogo," akasema shusheni. Akahama na jambo likabaki na mimi. Sospeter peke yake ndiye aliyewahi kuniona na yai jichoni, na alinicheka wiki nzima.

Je, niliongeze hili kwenye fomu? Bado haijakusanywa.

Mpwa wako,
Mwanahalima


Kisarawe
15 Februari 2025

Mwanangu,

Firdausi ameipeleka hii mbio kwa Biubwa kabla hajaondoka, kwa hiyo ni fupi. Usiongeze. Utakuwa umemsema mtu aliyekupa ugali, na utakuwa umejitembeza. Kama mtani wako aliliona, atalisema yeye, na likisemwa na yeye litakuwa na uzito mara kumi.

Vifaranga ndio fomu yako. Tulia.

Mudathir


Mbwawa
22 Februari 2025

Mjomba wangu, shikamoo tena shikamoo.

Usaili ulikuwa juzi. Ningekuwa na mabawa ningekuja kukuhadithia, ingawa ungeniambia niandike.

Alianza Herieth. Alisimama nusu saa nzima. Ikawa "mimi nilianzisha hiki, mimi niliokoa kile, mimi nimejifunza hiki mtandaoni." Alileta hadi picha alizozichapisha. Niliangalia sakafu kwa ajili yake. Kamati ilikuwa watu watatu na Bwana Vicent, na Eugenia, sekretari, anapiga kila neno kwenye kompyuta. Nilipoitwa mimi nikasema kazi yangu itaonekana, nikakaa. Bwana Vicent akasema, "Basi?" Nikasema basi.

Akaja Sospeter na ovaroli lake la oili. Nakuandikia alivyosema, maana nimeyashika yote: "Waheshimiwa, mmekosa Mnyamwezi mwenzangu hadi mnaniita nimsemee Mzaramo? Haya. Huyu ni mwizi. Ameniibia mapumziko yangu miaka sita. Jenereta likikohoa kidogo, nageuka namkuta nyuma yangu. Tena ni mchawi. Analibandika yai jichoni, anazungumza nalo, na yai linamjibu. Mashine inamwambia hivi, yeye anafanya vile, na wallahi mashine ndiyo inayokuja kuomba radhi. Mkimpa cheo huyu, mimi nafunga virago narudi Urambo, maana hapa hatapumzika mtu!"

Mjomba, chumba kilivunjika mbavu. Bwana Vicent alivua miwani akafuta machozi. Mzee mmoja wa kamati akanitazama akasema, "Kumbe ndiye wewe." Umesikia? Kumbe ndiye wewe. Miaka tisa nimelisubiri neno hilo bila kujua kwamba nalisubiri.

Taarifa imepelekwa kwa wenye kampuni, wao ndio waamuzi. Ramadhani inaingia wiki ijayo. Nikipata, Idi nitakuja Kisarawe na kitenge cha Firdausi na kofia yako mpya. Hata nisipopata nitakuja.

Mpwa wako,
Mwanahalima


Mbwawa, Kibaha
3 Aprili 2025

Kwa Mzee Mudathir wa Kisarawe,

Shikamoo mzee. Hunijui. Mimi ni Sospeter, mtani wa mpwa wako. Nilianza barua hii kwa kukuita mtumwa wangu kama ilivyo desturi yetu, nikaichana. Leo sina utani.

Idi imepita na Mwanahalima hakuja kwako. Alikutumia neno kwa Firdausi kwamba ana homa. Hana homa, mzee. Amenikataza nisikuambie, lakini nitamvunjia mwiko huo kwa sababu niliyemmaliza ni mimi.

Majibu yalikuja siku tatu kabla ya Idi. Herieth ndiye msimamizi. Hilo lingevumilika, watu hukosa vyeo. Lakini ilikuja na barua nyingine ya Mwanahalima peke yake. Wale wakubwa hawakuwapo chumbani. Walisoma tu alichopiga Eugenia, tena kikageuzwa lugha. Bwana Vicent alinionyesha karatasi hiyo. Imeandikwa: "Shahidi alieleza kuwa mwombaji ni mwizi; ana imani za kishirikina zinazohusu mayai; hafuati vipimo vya mashine; na kwamba akipandishwa cheo shahidi ataacha kazi." Nilisoma mara tatu. Hakuna neno hata moja la uongo pale, mzee, yote niliyasema. Kicheko tu ndicho hakikuandikwa.

Wameamuru atolewe chumba cha mashine hadi uchunguzi uishe. Sasa anaosha trei uani, kwenye maji ya dawa, mikono imechubuka. Nilikwenda kwa Bwana Vicent nikamwambia wewe ulicheka hadi ukafuta machozi, waambie basi kwamba ni utani. Akasema yeye anajua, lakini hawezi kuandika kwa wakubwa kwamba usaili wao ulikuwa mchezo. Akaniambia niandike mwenyewe. Nikaandika. Jibu likaja: shahidi anabadilisha ushahidi wake, huenda ametishwa.

Yeye hajanilaumu hata kidogo. Asubuhi napita uani, ananitukana kama zamani ili nisijisikie vibaya, na mimi nashindwa kumrudishia. Ninaona aibu isiyosemeka.

Unisamehe.

Sospeter


Kisarawe
7 Aprili 2025

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Vifaranga,
Mbwawa, Kibaha.

Ndugu,

YAH: MWANAHALIMA BINTI MWISHEHE

Naomba usome barua hii hadi mwisho kwa habari ya huyo niliyemtaja hapo juu.

Ndiye aliyegundua kwamba mashine yenu namba tatu ina kioo kinachodanganya kwa nyuzi moja na nusu. Ndiye aliyeiokoa isiuzwe chuma chakavu, na ameilinda kila zamu kwa miaka sita bila kuambiwa na bila kuomba shukrani. Hakulitaja jambo hili katika fomu yenu kwa sababu alikatazwa. Aliyemkataza ni mimi.

Maneno ya shahidi wake ni utani wa Wanyamwezi na Wazaramo. Nyote mliokuwa chumbani mnalijua hilo. Sekretari wenu hana kosa. Karani haandiki kicheko, nami ningeandika vilevile alivyoandika yeye.

Kama mnataka kumjua mtu huyu: akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mama yake alipougua, alikuwa akitembea kutoka shambani hadi hospitali asubuhi na jioni na chungu cha uji kichwani, na hatukuwahi kumsikia akisema amechoka. Nilidhani ni sifa. Niliilea mwenyewe. Nawaomba msimwadhibu yeye kwa malezi yangu.

Wenu mtiifu,
Mudathir
Karani Msaidizi wa Mahakama (mstaafu, miaka 31)


Mbwawa
29 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo.

Kwa hiyo Sospeter alikuandikia. Nilijua siku Bwana Vicent aliponiita ofisini na barua yako mkononi. Aliisoma kwa sauti, mimi nimesimama na magwanda yanadondosha maji. Mjomba, hujawahi kuniambia neno hata moja katika hayo. Miaka thelathini na minne, umri wangu wote, nimengoja, nikaja kuyasikia kutoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Alipomaliza akauliza, "Mudathir ni nani wako?" Nikasema mjomba. Akasema ndugu hawezi kuwa shahidi, akaitia kwenye faili. Wewe mwenyewe ulisema ndugu hasadikiwi. Kisha akalitazama jina lako chini, akauliza, "Miaka thelathini na moja, msaidizi tu?" Nikamwambia uliletewa cheo mara mbili ukakataa. Alicheka, mjomba. Sijui kwa nini nakuandikia hili. Labda nina hasira na sina wa kumpa.

Sasa habari yenyewe. Nilipotolewa chumbani nilimwambia Herieth kuhusu namba tatu. Nilimwambia mara tatu. Nilimfuata hadi kwenye chai nikamwambia shusha nyuzi moja na nusu, kama huniamini chukua yai liweke kwenye kope. Hakunijibu vibaya. Alinionyesha barua ya wakubwa: vipimo vya mashine vifuatwe kama vilivyo, na mambo ya kishirikina yakome. Akasema, "Dada Mwanahalima, mimi ndiyo kwanza nimeingia kwenye hiki kiti. Nikifuata kope lako nikakosea, nitawaambia nini?" Nikamwelewa. Ningekuwa yeye labda ningesema hivyo hivyo.

Mayai elfu nne yaliingia namba tatu mwanzo wa mwezi. Juma lililopita yakafunguliwa. Vilitoka vifaranga mia mbili na kitu, vingine havisimami. Yaliyobaki tuliyabeba kwenye ndoo sisi wa uani, kwenda kuyafukia. Yalikuwa yamekamilika ndani, mjomba, yana manyoya.

Nilidhani sasa wataniamini. Kweli waliniita. Akaja mtu wa kupima na kifaa chake, akathibitisha kioo kinakosea kwa nyuzi moja na nusu, kama nilivyosema. Ndipo wakaitoa fomu yangu. "Ulijua tangu lini?" Nikasema miaka sita. "Hapa umeulizwa utaje ulichokifanya. Umeandika, hakuna jambo nililofanya peke yangu. Hii saini ni yako?" Nikasema yangu. "Basi ama ulidanganya hapa, ama unadanganya leo. Na kama unasema kweli, umeificha kampuni hitilafu ya mashine kwa miaka sita." Nikatafuta neno la kujibu. Lile lililokuja lilikuwa la kwako, chema chajiuza, na sikuthubutu kulisema.

Wamenisimamisha kuanzia leo. Juni sitaingia hata kwa wakala. Herieth alilia, akanipa khanga. Mtu mzuri yule, nilikuambia tangu mwanzo.

Mwanahalima


Kisarawe
5 Mei 2025

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Firdausi ananiona nachana karatasi, anadhani macho nayo yanakwenda.

Hakikuja cheo chochote. Wala mara mbili, wala mara moja. Niliingia pale karani msaidizi na nikatoka karani msaidizi. Walikuja vijana niliowafundisha mimi kushika kalamu, wakapita juu yangu, mmoja baada ya mwingine. Kila mara nilikaa kwenye meza yangu nikingoja mtu aseme, "Na Mudathir je?" Hakuna aliyesema. Siku naondoka walinipa saa ya ukutani, na kwenye hotuba hakimu alikosea jina langu. Nilisimama nikashukuru.

Uwongo wa kukataa cheo nilimwambia kwanza marehemu mama yako, ili asinihurumie. Akaupenda, akawahadithia watu. Ukiusikia uwongo wako ukirudi kwako na heshima, unaanza kuukaribisha kiti. Nilipokuambia chema chajiuza sikukuambia kwamba mimi nilikaa sokoni miaka thelathini na moja na sikununuliwa. Ungeniuliza, basi mjomba, kumbe wewe si chema? Na swali hilo nimelikimbia tangu ujana wangu.

Fomu ile niliiandika mimi, wewe uliinakili tu. Ulikuwa na jambo la kusema, ukaniuliza kwa adabu kama unaweza kulisema, nami nikakufunga mdomo kwa mkono wangu. Najuta, Mwanahalima. Najuta hadi chakula hakinipiti.

Kuhusu mama yako na ule uji, nilikuwa nikikuona ukipita. Nilikuwa nasimama dirishani mahakamani nikikutazama hadi unapotea kwenye kona. Ningeweza kutoka na kukupokea kile chungu. Niliogopa ukisifiwa utaharibika.

Njoo Kisarawe. Chumba cha nyuma kipo, na mihogo haituishii. Lakini kama bado una nguvu ya kutafuta, basi tafuta, na wakikuuliza, jiseme. Sema yote. Sema hadi uone aibu, kisha endelea. Usinifuate tena.

Mudathir


Mlandizi
19 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kibandani kwa Biubwa, anapanga magunia kuondoka, kwa hiyo sitakaa sana. Nimekusamehe siku ile ile nilipoisoma barua yako, ila kuandika nilishindwa. Usiache kula.

Wamefungua kiwanda kingine cha vifaranga, kidogo, upande wa Ruvu. Sospeter ndiye aliyesikia. Nikanunua karatasi safi, nikaandika kama ulivyoniagiza: mimi niligundua, mimi niliokoa, mimi napima kwa kope. Nikaikariri mbele ya Sospeter karakana kwake, amekaa juu ya tairi ananisikiliza kama hakimu. Hakunitania hata mara moja. Alisema imenyooka.

Leo asubuhi nimekwenda. Alikuwepo mama mmoja anaitwa Anjela, mpole, hana haraka. Alinipa kiti. Akaniambia, "Haya dada, nieleze, wewe unajua nini?"

Nilikuwa na karatasi mkobani, mjomba. Nilikuwa nayaweza yote kwa moyo. Nikafungua mdomo, nikasikia yale maneno ya kukariri yananionea mimi haya kabla sijayasema. Nikacheka kidogo, nikatazama chini, nikasema, "Mimi siwezi kujisemea, mama. Ulizeni nilikotoka."

Akasema ni sawa, akachukua simu, akapiga Mbwawa.

Ijumaa nitakuja Kisarawe na virago vyangu. Mwambie Firdausi anifagilie chumba cha nyuma.

Mpwa wako,
Mwanahalima